Papa, Kisima Chako Hakikuwa na Kosa

Papa,

Sasa hivi mjukuu wako ameingiza uso wote ndani ya ndoo ya maji, akanywa kama mbuzi. Nilikuwa nimeketi kwenye kibao, nachonga kalamu kwa kisu, nikasikia kimya, kile kimya cha mtoto anayeharibu kitu. Kugeuka, namwona Furaha ameshika ndoo kwa mikono miwili, matako juu, kichwa ndani. Alipotoka maji yalikuwa yanamtiririka mpaka kitovuni. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyekosa. Halafu akacheka. Ana meno manne, Papa, mawili juu na mawili chini.

Na mimi nikacheka. Ndiyo sababu nimechukua daftari la mume wangu, Papa Furaha, nikuandikie. Zamani kidogo ningeruka, ningempiga mkono, ningemtia kidole mdomoni ateme. Leo nimemwacha anywe mpaka ashibe, nimemtazama tu, halafu nikalia peke yangu kama mjinga, na yeye akanipiga piga gotini kwa mkono wake uliolowa.

Utanisamehe mwandiko. Nilifika darasa la nne tu, unajua wewe mwenyewe, na mistari yangu inapanda na kushuka kama barabara ya Banalia. Lakini kuna mambo yametokea tangu ulipotuacha, na hakuna mtu mwingine anayestahili kuyasikia kwanza. Nitaanza pale unapopajua.

Unakumbuka kwamba mimi nilijua kamba kabla ya kujua mchi? Wewe ndani ya shimo, mimi juu nimezungusha kamba kiunoni, nangoja uite, "Sifa, vuta!" Watu walikusema sana. "Fundi Asani, huyu ni mutoto mwanamuke, unamuharibu." Na wewe ukajibu kutoka chini, sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa, "Mumuache! Mikono yake inasikia kupita masikio yenu!" Mimi nikajivuna juu pale, na nusura niiachie kamba kwa kujivuna.

Ulinifundisha udongo kama wengine wanavyofundishwa katekisimu au Kurani. Kwanza ule mwekundu. Halafu mweupe wa kunata, ule ambao mama wenye mimba walikuja kuomba kipande watafune. Halafu mchanga, na kwenye mchanga ulinyamaza, ukaweka kiganja, ukangoja. "Maji hailale, Sifa. Inatembea. Inatembea ndani ya muchanga pole pole, inaenda ku mutoni, sawa batu banatoka ku soko." Nilikuwa mtoto, nikawa naweka sikio chini kwenye uwanja nisikie miguu ya maji.

Na kila kisima kilipokwisha, wewe ulikunywa kikombe cha kwanza. Mbele ya wenye kiwanja, mbele ya watoto, mbele ya kuku. Fundi asipokunywa, hakuna anayegusa kamba. Ulikunywa chote, ukageuza kikombe chini, ukasema, "Bon. Maji ni yenu." Kile cha barabarani, katika kiwanja cha Mama Zaina muuza sabuni, ulikunywa vikombe viwili. Ulisema ndicho kitamu kuliko vyote ulivyochimba Mangobo.

Ndicho kilichokuua moyo. Niache niseme hivyo, maana muuguzi wa dispansari alisema ni ini, na mimi sitaki kusema nisichojua.

Ulikuwepo yalipoanza. Kile kiwanda cha dawa ya mbao kule juu, upande wa barabara ya Simi-Simi, kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja hivi. Tulifurahi wote. Wanatengeneza dawa, wanachovya nguzo za umeme na mbao mchwa wasiziguse, na Papa Furaha akapata kazi ya kukoroga mapipa. Halafu maji ya kisima cha barabarani yakawa na ladha ya msumari. Sabuni ikaacha kutoa povu, ikaganda vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Watoto wakaanza kuumwa tumbo. Na nani angefikiria kiwanda, kilichokuwa mbali kule juu, nyuma ya ukuta? Watu waliangalia pale pale karibu. Waliangalia shimo, na mwenye shimo alikuwa wewe.

"Amechimba karibu na choo." "Ameanza kuzeeka, macho hayaone." Na wengine walisema maneno mabaya zaidi, kwamba uliweka kitu.

Wewe ukafanya kile fundi yeyote angefanya. Ulisema, uchafu unatoka juu, nitashuka zaidi nipate maji safi. Ukashuka. Siku tatu, na kifua chako kilikuwa tayari kinakoroma. Ulichimba mpaka nikafunga kamba ya pili kwenye ile ya kwanza. Na maji yakawa mabaya zaidi, Papa. Sitasahau uso wako siku ile. Ulikaa pembeni ya shimo, umepakwa udongo mweupe mpaka kwenye kope, ukaangalia mikono yako kama ni ya mtu mwingine.

Halafu ukaanza ile ya kila asubuhi. Ulienda kisimani wakati wamama wamejipanga na bidoni zao za maji, ukachota, ukanywa kikombe kizima mbele yao, ukageuza chini. "Maji ni yenu." Wamama wakaangalia bidoni zao. Mama Zaina akasema bila kuficha sauti, "Fundi anakunywa kiburi." Ulisikia. Kesho yake ulirudi tena.

Sasa nitakuambia kitu ambacho kimenikaa kooni tangu siku tulipokuzika. Mimi sikunywa. Nilikuwa na mimba ya Furaha, niliogopa. Nilikuwa naenda mpaka ile chemchemi ya ng'ambo ya soko, narudi na bidoni nimeifunika kwa kikwembe, namwaga katika mtungi wetu wewe ukiwa msikitini, ili urudi uone mtungi umejaa ufikiri ni maji yako. Uliniambia, "Weye tu, Sifa, ndiye unaniamini." Nikasema ndiyo, Papa. Nikakupakulia sombe ya majani ya muhogo. Nilikuona unakula kwa raha siku ile.

Nisamehe. Sikuwa na akili ya kukwambia, usinywe na wewe. Nilifikiri nikikwambia hivyo nitakuvunja. Donc, basi, nikakuacha ukanywa.

Ulipoondoka Furaha alikuwa hajui hata kuketi. Mvua ilinyesha. Waliokuja kwenye matanga hawakujaza mikeka miwili, wewe uliyechimbia nusu ya mtaa maji. Nilikuwa jikoni natwanga sombe, nikamsikia Mama Zaina nyuma ya ukuta wa matete, "Maji yake ndiyo imemurudilia." Sikutoka. Nilitwanga kwa nguvu zaidi ili nisisikie lingine.

Basi. Mengi ya hayo uliyajua, mengine labda uliyahisi. Sasa sikiliza yale usiyoyajua.

Unakumbuka kanzu yako ya zamani ya Idi, iliyochanika begani? Ulisema mwenyewe Furaha alipozaliwa, "Kata hii, umufungie mutoto." Niliikata vitambaa kumi na viwili. Maji ya kunywa niliendelea kuyafuata mbali, lakini ya kufua nilichota kwenye kisima chako, nani ana mgongo wa kubeba yote hayo? Na kidogo kidogo vile vitambaa vikabadilika. Si uchafu wa mtoto, huo naujua. Ni rangi. Kijani, kama jani changa la muhogo. Vikwembe vyetu vina maua na mistari, huwezi kuona. Lakini kanzu yako ilikuwa nyeupe, Papa, ikaonyesha.

Siku moja mchana Papa Furaha alikuwa anakula. Nilikuwa nakunja vitambaa kando yake. Nikaona mkono wake unaingia kwenye sahani ya lituma, zile ndizi za kuponda, nikaona zile kucha, ile mistari ya kiganja ambayo hata akisugua na mchanga haitoki. Unaijua rangi yake. Ulikuwa unamtania, "Mukwe wangu iko mujusi." Nikachukua kitambaa nikakiweka kando ya mkono wake, hapo hapo kwenye mkeka. Rangi moja.

Akauvuta mkono. Akauficha chini ya goti, kama mtoto aliyeiba samaki.

"Papa Furaha," nikasema, "ile dawa munaimwaga wapi?"

"Sifa, tukule kwanza."

"Wapi?"

Akasukuma sahani kando. Halafu akasema kuna shimo nyuma ya kiwanda, kubwa, halina saruji wala nini. Yanayobaki kwenye mapipa yanaingia mle. Linajaa, na baada ya siku mbili limekauka lenyewe, na msimamizi anafurahi, anawaambia, "Muone, udongo inakunywa. Hatuna hata kazi ya kuondoa."

Udongo inakunywa! Nikaona kiganja chako kwenye mchanga. Nikamwambia mume wangu, udongo haunywi kitu, unapitisha tu. Akasema, "Najua sasa. Lakini nikisema, kesho kazi hamuna. Unataka tukule nini, vitambaa?" Hakuwa na hasira. Alikuwa na woga, na mimi pia.

Nilienda kwa shefu wa mtaa, nimembeba Furaha, nimevaa libaya, ile blauzi yangu nzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki kwa hilo. Halafu akafunga dirisha, jua likiwa utosini. "Sitwayeni," akaniita kama raia mbele ya serikali, "ile kampuni iko na batu kubwa nyuma. Weye iko na nini? Kitambaa ya mutoto. Unataka banifunge juu ya kitambaa?" Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na kila mutu anajua ni kosa ya baba yako. Achana nayo."

Unajua nilivyo nikiwa na hasira. Nikaenda kisimani kufua. Sabuni ikaganda. Na pale alikuwepo Mama Zaina na meza yake ya sabuni, na mama mmoja alikuwa amemrudishia kipande anamwambia sabuni yake ni mbaya, haitoi povu. Mama Zaina alikuwa anawaka moto.

"Sabuni yangu iko muzuri! Ni maji ya Fundi ndiyo mubaya!"

Papa, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Maji ya Papa iko muzuri! Ni sabuni yako inanuka!"

"Mimi? Sabuni yangu? Mutoto nilimuona anajikojolea, leo ananiambia mimi nanuka?"

"Nimesema sabuni!"

"Sabuni na mwenyewe ni kitu moja!"

Wamama waliweka bidoni chini wapate kuona vizuri. Tungefika kushikana vitambaa vya kichwa. Lakini Mama Zaina, unamjua, hawezi kuacha biashara yake itukanwe bila kuonyesha. Akaingia ndani akatoka na shuka jeupe, la kitanda chake, akalichana mbele yetu wote, chwaa! Akachukua kipande kimoja cha sabuni akakipiga mezani. "Alors. Shuka moja, sabuni moja. Tutafua ku visima yote Fundi alichimba. Tutaona nani iko mubaya."

Na mimi ndiye niliyejua visima vyote. Saba, Papa. Niliwapeleka mimi. Hatukuwa wawili tu, kundi lilitufuata, watu wanapenda ugomvi kuliko ngoma. Kila kisima tulifua kipande kimoja, mara tano, tukikamua na kurudia, na nilifunga fundo kwenye pindo nijue ni cha wapi, fundo moja cha juu kabisa, mafundo saba cha chini kabisa karibu na kijito.

Viwili vya juu, vilivyo juu kupita kiwanda, upande wa mlimani, povu lilitoka mpaka kwenye viwiko. Vipande vyeupe kama pamba. Mama Zaina akapiga kigelegele juu ya sabuni yake. Tulipopita kiwanda na kuanza kushuka, povu likafa. Kijani kidogo. Kijani. Na kile cha barabarani, kile ulichokiongezea kina, kikawa kibaya kupita vyote, kama tumekichovya kwenye rangi.

Nilipoona hivyo nilikikamua kile kipande tena. Nilifikiri, basi walisema kweli, kile ulichogusa zaidi ndicho kilichoharibika zaidi. Niliketi kwenye udongo na kile kitambaa. Halafu, sijui, ni kama mtu alinisukuma begani. Mchanga uko chini. Maji yanatembea kwenye mchanga. Sumu inatembea na maji, pale pale, chini. Ulipochimba zaidi kutafuta maji safi, uliikaribia sumu. Kila siku ya kazi yako ilikupeleka kwake. Hukukosa, Papa. Ulifanya kazi ya fundi barabara kabisa, juu ya ardhi ambayo mtu mwingine alikuwa ameiharibu bila kukuambia.

Niliwaambia hivyo, pale pale, nikilia. Mama Zaina alikuwa ameshika shuka lililobaki. Akalikunja pole pole. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Donc Fundi alikuwa anakunywa ile kila asubuhi, na sisi tunamuangalia."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nikasema kiburi."

Aliketi kando yangu kwenye udongo na kikwembe chake kipya, akanisaidia kukamua.

Sasa, kujua ni kitu kimoja. Kusema ni kingine. Wewe unajua nchi yetu, hatuendi mlangoni kwa mkubwa kupiga kelele. Lakini Jumamosi kuna salongo. Kila mtu lazima atoke na jembe afanye kazi ya bure, asiyetoka ndiye anayefungwa. Mama Zaina akamwendea shefu, akamwambia kwa adabu kubwa kwamba wamama wa mtaa wanapenda kufyeka mfereji wa nyuma ya kiwanda, ni mchafu, unaaibisha. Shefu akafurahi. Angekataaje watu wanaoomba salongo? Nafikiri alielewa. Alinikwepa macho, lakini aliandika.

Jumamosi hiyo komisere wa zoni, mkubwa wa serikali wa eneo letu lote, alikuja mwenyewe, kama anavyokuja mara moja moja, na abakosti yake, lile koti la wakubwa lisilo na tai, na miwani. Alitukuta tumefyeka vizuri. Na kwenye waya unaozunguka ukuta wa kiwanda, kuanzia juu mpaka chini, tumeanika vipande saba vya shuka, kwa mpangilio wa visima. Nyeupe, nyeupe, halafu ile kijani ikizidi na kuzidi mpaka kwenye kile cha barabarani.

"Hii ni nini?"

"Tunaanika nguo, Komisere," akasema Mama Zaina. "Wamama banafanya salongo, banaanika nguo."

"Juu ya nini haina rangi moja?"

"Shuka ni moja, Komisere. Nililalia mwenyewe. Sabuni ni moja, yangu, iko muzuri. Uulize maji."

Hapo direkteri wa kiwanda alikuwa ametoka nje kuona nani yuko kwenye waya wake. Akaeleza kwa Kifaransa, haraka haraka, halafu kwa Kiswahili ili sisi tusikie, kwamba visima vya mtaa huu vilichimbwa na mzee mmoja asiye na elimu, marehemu sasa, na kila mtu anajua alikuwa anachimba vibaya.

Papa, mimi sijui kusema mbele ya watu. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka mpaka Furaha mgongoni akafikiri nambembeleza. Lakini nilikuwa na kikombe, nilikuwa nimechota kwenye kisima cha barabarani ili watu wanuse, wasinywe. Nikamwendea. Nikasema, "Direkteri, ule muzee ni baba yangu. Kwetu, mwenye kuchimba shimo anakunywa kikombe ya kwanza mbele ya batu. Baba yangu alikunywa hii maji kila siku mpaka akakufa. Na weye umechimba shimo yako, iko nyuma ya hii ukuta. Hii ni maji ya ile shimo. Kunywa."

Nikanyoosha kikombe kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa.

Majembe yote yakasimama. Direkteri akaangalia kikombe, akaangalia komisere, akaangalia vile vitambaa. Akasema, "Mimi sina kiu."

"Ee!" Mama Zaina akapaza sauti. "Jua hii yote, na suti ile yote, na hana kiu!"

Watu walicheka, Papa. Walicheka mpaka wengine wakaketi kwenye mfereji. Na ule woga uliokuwa juu yetu ukapungua, niliuona ukipungua kwenye mabega ya watu. Komisere hakucheka, lakini alichukua kile kikombe kutoka mkononi mwangu, akakinusa, akakirudisha pole pole bila kumwaga. Akasema, "Sitwayeni Direkteri, tuende tuone ile shimo." Na wakaingia. Na sisi nyuma yao na majembe yetu, nani angetuzuia, tulikuwa kwenye salongo.

Sijui kama komisere alitusaidia kwa moyo au kwa kuogopa aibu mbele ya watu wengi vile. Sitaki kujua. Lile shimo limekwisha kutolewa uchafu, wameweka saruji, nimeona kwa macho yangu kwa sababu tulidai wamama wawili waingie kila wiki kuangalia, na mimi ni mmoja. Kiwanda kimevuta bomba lao la maji ya mjini mpaka nje ya uzio na kuweka robine ya kuchotea, na ndiyo maji aliyokunywa mjukuu wako. Watu wa usafi walichukua maji ya visima kwenye chupa, majibu bado. Hawasemi lini visima vya chini vitapona, wanasema labda miaka. Chako tumekifunika mbao kwa sasa. Hakuna tena anayekitukana.

Papa Furaha walimtoa kazini. Hakuna aliyemtaja, lakini mtu aliambia mtu. Nililia, yeye hakulia. Alisema, "Mikono yangu imechoka kuwa mujusi." Amechukua sururu yako na ile chepeo ya mpini mfupi. Anajifunza. Anaogopa vyura, Papa, mtu mzima vile, juzi alitoka kwenye shimo la choo la jirani akipiga kelele juu ya chura mmoja. Ungecheka sana.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Leo tunaanza kisima kipya, kule juu kupita kiwanda, upande maji yanakotoka. Kiwanda kitaleta saruji, mtaa utaleta mikono. Shefu amesema hakuna atakayepiga sururu kabla sijaonyesha mahali. Shefu yule yule wa dirisha! Nimepita kule alfajiri mara tatu wiki hii. Nimepiga magoti, nimeweka kiganja kama wewe, nimeangalia majani yanayobaki mabichi hata jua likikaza. Nafikiri nimepaona. Naogopa kidogo. Kama nikikosea?

Lakini nitaenda. Pumzika sasa, Papa. Usiangalie tena mikono yako, ni misafi. Nakuahidi hivi: katika mtaa huu hakuna shimo litakalofunguliwa, la maji au la dawa, kabla sijauliza hapo juu kuna nini na chini kuna nani. Nikifungiwa mlango nitarudi na wamama. Na mwanangu nitamfundisha udongo, wote, mpaka mchanga, hata watu waseme namharibu.

Namwona Mama Zaina anakuja mbio kutoka juu, amekunja kikwembe mpaka magotini, na umri ule. Anapiga kelele tangu mbali, "Binti ya Fundi! Binti ya Fundi, kuya! Banakungoja weye tu!" Tangu ulipokufa walikuwa wananiita Mama Furaha peke yake, Papa, hilo lingine waliogopa kulitaja. Ngoja nimfunge mtoto mgongoni. Nikifika pale, kabla sijaonyesha hata mahali, nitasimama mbele ya shefu na wote, nitasema kwa sauti kwamba Fundi Asani wa Mangobo alichimba vizuri, na kisima chake hakikuwa na kosa.